Chati ya ukoo wa Zeus inayouzwa Mtwara: baba yupo, mama za watoto hawapo

Ni chati ya ukutani ya ukoo wa Zeus, mfalme wa miungu wa Wagiriki wa kale, ya saizi ya A1, yaani milimita 594 kwa 841, pamoja na kijitabu cha kurasa 16. Inauzwa kwenye steshenari moja ya jirani na soko kuu Mtwara mjini, shilingi 12,000 ikiwa karatasi tupu na 18,000 ikiwa imepigwa leminesheni. Walioko Lindi, Masasi na Newala huagiza na kutumiwa kwa basi. Wanunuzi wake ni walimu wa historia na fasihi, vilabu vya kusoma, na wazazi ambao watoto wao wamemfahamu Zeus kwenye katuni na gemu za simu, sasa wanauliza nani ni nani.

Nusu ya juu ya chati ni kazi ya watu waliosoma. Nusu ya chini inahitaji maka peni na saa nzima mezani kabla ya kutundikwa mbele ya mwanafunzi yeyote.

Tuanze na juu. Gaia (Ardhi) na Uranos (Mbingu) wamewekwa mahali pao, na chini yao wapo watoto wao Titani, miungu waliomtangulia Zeus, wote 12: Okeanos, Koios, Kreios, Hyperion, Iapetos, Theia, Rhea, Themis, Mnemosyne, Phoebe, Tethys na Kronos, kitinda mimba wao. Pembeni kuna kisanduku cha Saiklopi, majitu ya jicho moja, watatu (Brontes, Steropes na Arges) na wale ndugu watatu wenye mikono mia mia. Chati nyingi za bei hii huwaacha sita hawa ili kuokoa nafasi, halafu mwanafunzi haelewi Zeus alishindaje. Vita vyake na Titani vilichukua miaka kumi bila mshindi, mpaka alipowafungulia sita hawa, waliokuwa wamefungwa chini ya ardhi. Saiklopi walimpa radi, na wenye mikono mia walivurumisha mawe. Aliyeamua kuwabakiza kwenye chati apongezwe.

Huku juu kuna makosa mawili tu, yote ya kurekebishwa kwa dakika chache. Kwanza, Kronos amechorewa kipimasaa cha mchanga. Hiyo ni alama ya Khronos, yaani wakati, na mkanganyo huo ni wa tangu kale. Alama ya baba yake Zeus ni mundu, ule aliopewa na mama yake Gaia akamhasi nao Uranos. Chora mundu juu ya kile kipimasaa, basi.

La pili ni mpangilio wa watoto sita wa Kronos na Rhea. Chati imewapanga kwa umaarufu: Zeus, Poseidon, Hades, kisha akina dada. Mshairi Mgiriki Hesiod, aliyetunga Theogonia, utenzi wa nasaba ya miungu, karibu mwaka 700 KK, anawapanga hivi: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon, Zeus. Andika namba 1 hadi 6 juu ya vichwa vyao. Bila namba hizo, kisa cha jiwe hakieleweki. Kronos alimeza watoto watano kadiri walivyozaliwa, na wa sita alipewa jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto, huku Zeus mwenyewe akifichwa Krete. Kronos alipotapishwa, jiwe lilitoka kwanza kwa kuwa ndilo lililoingia mwisho. Kwa hesabu hiyo, kifungua mimba Hestia ndiye wa mwisho kuona mwanga mara ya pili, na kitinda mimba Zeus, ambaye hakumezwa kabisa, amekuwa mkubwa wa wote. Homer, mshairi wa Iliadi, utenzi wa vita vya Troya, hana habari na hesabu hizi. Kwake Zeus ni kaka mkubwa wa Poseidon tangu mwanzo. Kwa hiyo kando ya namba zako andika “kwa Hesiod”, usije ukabishiwa na mtu aliyesoma Iliadi.

Kijitabu nacho, ukurasa wa 5, kinasema Zeus aliwagawia ndugu zake falme. Hapo hadithi mbili zimesukwa pamoja. Kwa Hesiod, miungu walimwomba Zeus atawale, naye akawagawia vyeo. Kwa Homer, Iliadi kitabu cha 15, kaka watatu walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu, na ardhi pamoja na mlima Olympus vikabaki vya wote. Mwalimu achague moja na aseme ameitoa wapi.

Sasa chini, ambako ndiko fedha ya mnunuzi inakoliwa.

Zeus amewekwa katikati, na mistari imetoka kwake kwenda chini kama njiti za mwavuli, kila mstari ukiishia kwa mtoto. Athena, Apollo, Artemis, Ares, Hermes, Dionysos, Persephone, Perseus, Minos, Helen, Herakles, wote wamepangwa safu moja. Majina ya mama zao yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye mabano kwa wachache, na kwa wengi hayapo kabisa. Hili ndilo kosa lililozaa mengine yote. Katika ukoo wa Zeus, baba ndiye habari isiyosaidia kitu, maana baba ni mmoja. Kinachomtenga Apollo na Ares, au Perseus na Dionysos, ni tumbo. Ukiondoa mama, umebaki na orodha ya mahudhurio.

Inashangaza zaidi kwa kuwa chati inauzwa huku Kusini. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake. Mtoto wa Chikongola au Mikindani akiiona chati hii, swali lake la kwanza litakuwa, “Huyu mama yake nani?” Chati haina jibu, wakati Hesiod analo tena kwa mpangilio mzuri kuliko wachapaji.

Mpangilio wenyewe ni huu. Zeus ana wake saba kwa zamu. Wa kwanza Metis, binti wa Okeanos. Wa pili Themis, aliyemzalia Horai, miungu wa kike wa majira, watatu (Eunomia, Dike na Eirene) na Moirai watatu wanaosokota na kukata uzi wa maisha ya watu. Wa tatu Eurynome, mama wa Kharites watatu, miungu wa kike wa uzuri. Wa nne Demeter, mama wa Persephone. Wa tano Mnemosyne, mama wa Musa tisa, miungu wa kike wa sanaa. Wa sita Leto, mama wa Apollo na Artemis. Wa saba ndiye Hera, aliyezaa Hebe, Ares na Eileithyia. Baada yao wanakuja Maia aliyemzaa Hermes, Semele aliyemzaa Dionysos, na Alkmene aliyemzaa Herakles.

Angalia alipo Hera. Kijitabu kinamwita “mke wa kwanza”, na nusu ya maelezo yake yanategemea jambo hilo: kwamba wengine wote walimkuta ndani. Kwa Hesiod yeye ni wa saba. Ni mke mkubwa kwa cheo, malkia bila ubishi, lakini si kwa tarehe. Leto, Demeter na Themis hawakumwibia mume. Walioingia baada yake ndio wenye kesi, na hata hapo Zeus hakuona haya. Katika Iliadi kitabu cha 14 anamhesabia Hera wanawake saba aliowahi kuwatamani, mmoja mmoja kwa jina lake au kwa jina la baba au mume wake, akidhani anambembeleza.

Athena ameandikiwa “hana mama”. Ni kosa la kawaida, na lina gharama kubwa. Mama yake ni Metis. Gaia na Uranos walimwonya Zeus kwamba Metis atazaa kwanza binti, kisha mtoto wa kiume atakayetawala miungu na watu. Zeus akammeza Metis akiwa na mimba, na Athena akatokea kichwani mwa baba. Yule wa kiume hakuzaliwa kamwe. Ukimfuta Metis, unafuta pia sababu ya ufalme kukomea kwa Zeus. Uranos alipinduliwa na mwanawe Kronos, Kronos na mwanawe Zeus, na zamu ya tatu ikazimwa hapo. Babu aliwasukumia watoto ndani ya ardhi, baba aliwameza, mjukuu akammeza mama kabla mtoto hajazaliwa. Chati imeonyesha vizuri hatua mbili za kwanza, kisha ikaachia njiani.

Baada ya mama, tatizo linalofuata ni vizazi. Kwa kuwa watoto wote wako safu moja, Perseus na Herakles wanaonekana kaka wa rika moja. Fuata mstari kwa kidole: Zeus na Danae wakamzaa Perseus, Perseus akamzaa Elektryon, Elektryon akamzaa Alkmene, Alkmene na Zeus wakamzaa Herakles. Elektryon ni mjukuu wa Zeus, Alkmene ni kitukuu wake. Kwa hiyo Herakles kwa upande wa baba ni mtoto wa Zeus, na kwa upande wa mama ni kilembwe wake. Perseus ni kaka yake kwa baba na papo hapo ni baba wa babu yake mzaa mama. Chati ya safu moja haiwezi kubeba jambo hili. Herakles lazima ashuke safu nne chini ya Zeus, na mstari wa baba umfuate hukohuko.

Dionysos ana fundo lilelile, tena lenye uchungu. Zeus na Hera walimzaa Ares. Ares na Aphrodite wakamzaa Harmonia. Harmonia aliolewa na Kadmos wa Thebes wakamzaa Semele. Semele ni kitukuu wa Zeus, na ni kitukuu wa Hera vilevile. Kisa maarufu kinasema Hera alimrubuni Semele amwombe Zeus ajitokeze kwa utukufu wake wote, na Semele akaungua kwa radi akiwa mjamzito. Zeus akamshonea mtoto pajani mpaka siku zikatimia. Vitabu vingi husimulia hayo kama ugomvi wa mke na nyumba ndogo. Mstari ukichorwa ipasavyo, darasa litaona bibi akimponza damu yake.

Mapacha nao waangaliwe. Chati imempa Zeus Herakles na Iphikles wote wawili. Iphikles ni mtoto wa Amphitryon, mume wa Alkmene; mimba ni moja, baba wawili. Hivyohivyo kwa Leda: katika masimulizi yaliyoenea zaidi, Helen na Polydeukes ni wa Zeus, Kastor na Klytaimnestra ni wa mume wake, Tyndareos. Wachapaji wamempelekea Zeus wote wanne, mzigo asiostahili, ingawa kwa sifa zake huwezi kuwalaumu sana.

Kwenye undugu wa pembeni kijitabu kimetumia “anko” na “anti” kwa kila mtu, na hapo kimepoteza utamu wote. Zeus na Hera ni ndugu, kwa hiyo Poseidon kwa Ares ni baba mkubwa na pia ni mjomba. Demeter ni shangazi yake na ni mama mkubwa wake. Prometheus, mtoto wa Iapetos, ni binamu wa Zeus. Leto ni binamu pia, Metis vilevile. Themis na Mnemosyne ni dada wa Kronos na wa Rhea, kwa hiyo Zeus aliwaoa mashangazi zake. Na Hades kwa Persephone ni baba mkubwa, ni mjomba, na ni mume, ndoa ambayo Zeus aliiridhia bila kumwambia Demeter.

Darasani Mtwara au Lindi, hapo kwa mjomba pataibua kelele, na mwalimu awe na jibu mkononi. Miungu wa mwanzo walikuwa wachache, hakukuwa na ukoo mwingine wa kuoa. Wagiriki wenyewe hawakuruhusu ndugu wa tumbo moja kuoana. Athens iliruhusu ndoa ya ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, na ndoa ya mtu na mtoto wa kaka yake ilikuwepo, hasa pale binti alipobaki peke yake na mali ya baba. Kijitabu hakina hata sentensi moja juu ya hili. Kinasema pia Persephone hukaa kuzimu miezi sita. Hiyo ni hesabu ya mshairi Mroma Ovid. Utenzi wa Kigiriki wa Demeter unasema theluthi moja ya mwaka.

Wako wachache ambao wazazi wao wanagombaniwa na wakongwe wenyewe, na chati imewachorea mstari mzito kana kwamba hakuna shaka. Aphrodite kwa Homer ni binti wa Zeus na Dione. Kwa Hesiod alitoka kwenye povu la bahari baada ya Uranos kuhasiwa, yaani ni wa kizazi cha Titani na amemtangulia Zeus mwenyewe. Hephaistos kwa Homer ni wa Zeus na Hera. Kwa Hesiod Hera alimzaa peke yake kwa hasira. Moirai ndiyo kali zaidi: Hesiod huyohuyo, kitabu hichohicho, mahali pamoja anawapa mama Usiku, mbele zaidi anawapa Themis. Tumia mstari wa nukta, na mwishoni andika Th kwa Theogonia au Il kwa Iliadi. Kuna na majina ya Kirumi yaliyopenyezwa, Hercules na Cupid katikati ya Wagiriki. Kata, andika Herakles na Eros.

Marekebisho yenyewe hayahitaji fundi. Sentimita 20 za chini za chati ni pambo la nguzo na mawingu. Funika pambo hilo kwa manila nyeupe iliyobandikwa kwa gundi ya maji iliyopakwa nyembamba, na usitumie gundi nzito, maana karatasi itakunjamana. Juu ya manila chora safu wima saba za wake wa Hesiod kwa mfuatano, kisha ya nane ya Maia, Semele na Alkmene, na ya tisa ya Danae, Europa, Leda na wengineo. Jina la mama liwe juu kwa herufi kubwa, watoto chini yake. Zeus aandikwe mara moja tu, juu ya safu zote. Mistari ya Semele na Alkmene itabidi ipande mpaka kwa Ares na kwa Perseus. Itumie rangi ya pekee, nyekundu mathalani, isichanganywe na mistari ya watoto. Chora kwa penseli kwanza. Kinachoharibu kazi ni kuanza na Herakles: ukimweka mapema, utakosa nafasi ya vizazi vitatu vilivyo juu yake. Anza na Danae.

Upande wa karatasi na uchapaji, herufi za vichwa zinasomeka kutoka nyuma ya darasa, za watoto zinasomeka na benchi la mbele tu. Wino ni wa printa ya kawaida na maji yanauchuja, kwa hiyo karatasi tupu haifai kwa nyumba na shule za Shangani na Mikindani ambako upepo wa bahari unalowesha kila kitu. Hata iliyopigwa leminesheni ina kasoro: plastiki imekatwa sambamba na ukingo wa karatasi. Inatakiwa ibaki angalau milimita 5 ya plastiki tupu pande zote, la sivyo unyevu unapenya ukingoni na masika ya kwanza inafumuka kuanzia kwenye kona.

Usiitundike kwa selotepu kwenye ukuta wa chokaa; itadondoka na vumbi lake. Chukua papi mbili nyembamba za mbao zenye urefu wa sentimita 64, pigilia moja juu na moja chini, kamba ya katani iningʼinie kwenye msumari mmoja. Iwekwe mbali na dirisha la jua la asubuhi, kwani rangi za wino huu hupauka, na mistari ya rangi ya waridi huanza. Anayetumiwa kwa basi aombe iviringishwe ndani ya bomba la plastiki. Ikikunjwa, leminesheni hupasuka kwenye mkunjo na ufa huo haurudi.

Kwa hiyo nunua ile ya 12,000, ifanyie marekebisho, halafu ndipo uipeleke kupigwa leminesheni ukiwa umesimama hapohapo kuangalia ukingo. Ile ya 18,000 itakulazimu uandike juu ya plastiki kwa maka peni ya kudumu, ambayo faida yake ni moja: ukikosea, pamba yenye spiriti inafuta. Kijitabu kisitupwe, kwa sababu kurasa zake za Titani na za vita ni sahihi na zimeandikwa kwa lugha nyepesi. Na kama muuzaji atakuambia limeletwa toleo jipya, tazama kwanza juu ya jina la Athena. Likiwa na Metis, lipe nafasi. Likiwa bado na “hana mama”, bei iwe ileile ya karatasi.